Kuuwahi Mji: Mwongozo wa Kufungua Biashara Pembezoni mwa Dar es Salaam

Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya 2022 ikaukuta na watu 5,383,728, milioni moja na ushei zaidi. Hizo ndizo takwimu zinazotajwa sana. Anayetafuta mahali pa kuweka biashara atazame pia Mkoa wa Pwani, unaopakana na Dar upande wote wa nchi kavu. Huko watu walikuwa 1,098,668 mwaka 2012, na kufikia 2022 walikuwa 2,024,947, karibu maradufu. Si wote wako Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, lakini anayepanda daladala jioni kwenda Kiluvya au Vikindu anaiona sababu kwa macho: mji umeshauvuka mpaka wake na bado unasogea.

Mwongozo huu ni wa mwenye mtaji mdogo au wa kati anayetaka kuwa mbele ya mji huo badala ya kuukimbilia nyuma. Ninachokiamini ni hiki: mtaa mpya hukua kwa ngazi, na kila ngazi ina biashara yake. Wengi wanaofunga milango pembezoni hawakuwa na biashara mbaya. Walileta biashara nzuri katika ngazi isiyo yake, famasi mahali ambapo watu bado wanamwaga misingi, au mashine ya matofali mahali ambapo viwanja vimekwisha kujengwa. La pili, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu gharama yake ni kubwa, ni kwamba biashara ya mtaani huishi kwa barabara iliyoachwa wazi. Mipangomiji si kazi ya maofisa peke yao. Mwenye duka ana haja nayo kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 1: Chagua barabara moja, kisha chagua kituo

Dar hukua kwa kufuata barabara zake kuu. Barabara ya Bagamoyo imeupeleka mji Tegeta, Bunju hadi Mapinga. Ya Morogoro imeupeleka Mbezi, Kibamba, Kiluvya hadi Kibaha. Ya Nyerere inatoka Gongo la Mboto na Pugu kwenda Chanika, na ya Kilwa inapita Mbagala na Kongowe kwenda Vikindu na Mkuranga. Kigamboni ina habari yake: kabla ya Daraja la Nyerere kufunguliwa Aprili 2016, anayetoka katikati ya mji alitegemea pantoni au kuzunguka mbali.

Usitake kuzijua zote. Chukua ile unayoipita kila siku au ambayo una ndugu wanaoishi huko, uisome vizuri. Mtu anayeijua barabara moja kwa undani hupata habari mapema: shamba lipi linakatwa viwanja, shule ipi inajengwa, nguzo za umeme zimefika wapi.

Kila barabara ina kitu kinachoisukuma. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis na kufunguliwa rasmi Februari 2021, na eneo lile likapata wageni, mizigo, nyumba za kulala na mama lishe wa usiku. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Treni ya reli ya kisasa (SGR) ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na ndani ya miezi miwili ikawa inafika Dodoma. Kila unaposikia mradi mkubwa, jiulize swali moja: unaleta watu watakaokaa, au unapitisha watu? Stesheni ambayo abiria wanashuka na kuingia moja kwa moja kwenye bajaji haina soko kubwa la unga na mafuta ya kula. Ina soko la maji baridi, chaji ya simu na usafiri. Tofauti hiyo wengi huisahau, kisha hushangaa kwa nini fremu iliyo karibu na mradi mkubwa haiuzi.

Ukishapata barabara, chagua kituo. Pembezoni, biashara huanza pale daladala inapokutana na bodaboda, kisha huingia ndani polepole. Panda boda kutoka kwenye lami hadi nyumba ya mwisho, na umwambie dereva aende taratibu.

Kabla ya kwenda, tumia vitu viwili vya bure. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imetoa idadi ya watu ya sensa ya 2022 hadi ngazi ya kata, basi tafuta kata yako uilinganishe na jirani zake. Kisha fungua Google Earth kwenye kompyuta, upande wa picha za zamani, uangalie eneo lilelile la mwaka 2012, la 2017 na la karibuni. Utaona paa zikiongezeka, na utaona zinaelekea upande gani. Mara nyingi hufuata njia moja ya vumbi kabla ya kusambaa pembeni. Njia hiyo iweke akilini.

Hatua ya 2: Soma mtaa uko ngazi gani

Hii ndiyo hatua inayoamua mengine yote, kwa hiyo usiipite haraka. Nenda mara kadhaa, asubuhi na jioni, siku ya kazi na Jumapili.

Ngazi ya kwanza ni mashamba yanayokatwa. Utaona mikorosho na miembe imesimama katikati ya bikoni (alama za mipaka ya viwanja), vibao vya "kiwanja hiki hakiuzwi", na madalali wamekaa kwenye pikipiki chini ya mti. Watu wanaolala pale ni wachache sana. Biashara za ngazi hii ni kusafisha viwanja, ulinzi, kupeleka maji kwa boza, na kufyatua matofali. Duka la vyakula hapa litakutia hasara, hata kama kila mtu anakuambia "eneo linakuja juu".

Ngazi ya pili ni misingi na kuta. Ukisikia malori ya mchanga na kokoto tangu alfajiri, umefika. Sasa hadiwea inauza: saruji, nondo, misumari, mabomba, waya wa kufungia. Kuna fedha pia katika kukodisha vitu ambavyo fundi hawezi kununua kwa nyumba moja, kama mirunda, mbao za fomu, mashine ya kuchanganya zege na ngazi ndefu. Mama lishe anayepika wali maharage karibu na mafundi hahitaji kibao. Mwenye guta au kirikuu anayefikisha mifuko kumi ya saruji ndani kabisa, kusikofika lori, hapumziki.

Niseme kidogo kuhusu matofali, kwa sababu vijana wengi huanzia hapo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukiulazimisha utoe matofali ya inchi sita zaidi ya 35 hivi, unaanza kuuza mchanga. Fundi mzoefu akifika kwenye uwanja wako hatauliza mengi. Atachukua msumari akwaruze kona ya tofali. Likitoa unga laini, ataondoka, na jioni mafundi wenzake watakuwa wanajua. Mwagilia kwa siku saba angalau, asubuhi na jioni, na uyafunike dhidi ya jua. Hesabu maji hayo katika gharama tangu mwanzo, maana kama unanunua kwa boza yanakula faida. Ukitaka kuchimba kisima chako, kumbuka kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na karibu na bahari pima chumvi kabla hujanunua pampu.

Ngazi ya tatu ni kupaua na kuhamia. Watanzania wengi huhamia nyumba kabla haijaisha. Anaezeka, anaweka milango miwili, anafunga madirisha kwa mbao au turubai, anaingia. Kodi aliyokuwa akilipa Tabata sasa ananunulia plasta. Dalili zake ni ndogo lakini hazidanganyi: pazia dirishani, kamba ya nguo, mita ya umeme ya LUKU ukutani, ndoo za maji mlangoni. Simama kijiweni saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona watoto wa sare za shule wanapakiwa watatu watatu kwenye bodaboda, familia zimehamia, na hapo ndipo genge, duka la mahitaji, bucha, mashine ya kusaga, mtungi wa gesi, wakala wa fedha za simu, saluni na duka la dawa muhimu vinapopata riziki. Mafundi wa grili, milango na madirisha ya aluminiamu wana kazi ya miaka hapa, kwa sababu kila nyumba inamaliziwa kidogo kidogo kadiri mshahara unavyoruhusu.

Katika ngazi hii kuna pengo ambalo sijui kwa nini halionwi: malezi ya watoto. Mama na baba wanatoka alfajiri kwenda Kariakoo au Posta na kurudi usiku. Bibi yuko mkoani. Kituo safi cha kulelea watoto wadogo, kilichosajiliwa, kinachofungua mapema kabla daladala hazijajaa, ni huduma ambayo mtaa mzima utaishukuru.

Ngazi ya nne huja na maji ya bomba ya DAWASA na barabara inayopitika masika. Wenye nyumba wanajenga vyumba vya kupangisha uani, wapangaji wanaingia, na idadi ya watu inapanda bila paa kuongezeka sana. Vyoo vinajaa, kwa hiyo gari la kunyonya majitaka linatafutwa. Taka zinakuwa nyingi mno kufukiwa uani. Famasi kamili, shule binafsi, karakana ya pikipiki na bajaji, ukumbi mdogo wa sherehe, vyote sasa vina wateja.

Ya tano ni lami. Bei ya fremu inapanda, maduka makubwa na mabenki yanafika, na wengi walioanza na mtaa wanasukumwa nje. Nitarudi kwenye hili mwishoni.

Mtaa mmoja unaweza kuwa na ngazi tatu kwa pamoja: lami mbele, familia katikati, misingi nyuma. Andika mchoro wako mwenyewe kwenye daftari, kipande kwa kipande. Kisha jiulize biashara yako ni ya kipande kipi, na kipande hicho kitakuwa ngazi gani baada ya miaka miwili.

Hatua ya 3: Hesabu wateja walio hai

Msingi si mteja. Kiwanja cha mtu aliyeko Oman au Marekani, anayejenga kwa simu kupitia shemeji yake, kinaweza kukaa miaka kumi bila taa kuwaka. Hesabu nyumba zinazolaliwa.

Chukua mfano. Tuseme ndani ya mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye fremu kuna kaya 120, na kila kaya hutumia shilingi 5,000 kwa siku kwenye maduka ya karibu. Hiyo ni 600,000 kwa siku mtaa mzima. Maduka yapo matatu, wewe wa nne. Mkigawana sawasawa unapata mauzo ya 150,000. Faida ya duka la mahitaji ikiwa asilimia 10, unabaki na 15,000 kwa siku, 450,000 kwa mwezi. Toa pango 100,000, umeme 30,000, msaidizi 120,000. Zimebaki 200,000, na hujalipa leseni, kodi, wala mayai yaliyovunjika na unga ulioingia wadudu. Badilisha namba zangu uweke za mtaa wako, baada ya kuuliza na kukaa kwenye benchi la duka la jirani ukitazama watu wananunua nini. Kama hesabu haisimami kwa kaya zilizopo leo, subiri, au anza na meza na mwavuli badala ya fremu.

Hatua ya 4: Chunguza ardhi kabla ya kulipa hata shilingi

Mwaka 2017 nyumba na maduka yalibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, pale ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Kulikuwa na biashara zenye wateja wa miaka mingi, na watu waliokuwa wameweka akiba ya maisha yao pale. Naomba usilichukulie kama jambo lililopita. Kila barabara kuu inayotoka Dar itapanuliwa siku moja, na fremu zilizo karibu kabisa na lami ndizo zenye pango kubwa na usalama mdogo. Nenda TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa za mitaa, uulize hifadhi ni mita ngapi. Kisha pima mwenyewe kwa kamba.

Mabonde nayo yana historia yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu Bonde la Msimbazi, na serikali ikawagawia viwanja Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pembezoni, mto wenyewe unaweza kuonekana kama mfereji mkavu wenye majani miezi minane kwa mwaka, na ndiyo maana viwanja vyake huuzwa rahisi. Nenda ukauone mwezi wa nne.

Halafu nenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri ukaone mchoro wa eneo. Mchoro unaonyesha wapi ni makazi, wapi ni makazi na biashara, wapi soko, shule, eneo la wazi na barabara zenyewe. Viwanja vya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama vile Bunju, Toangoma, Kibada na Buyuni, vina michoro iliyo wazi. Kwenye maeneo yaliyojengwa kiholela huenda mchoro haupo au unaandaliwa, na hiyo pia ni habari unayopaswa kuijua. Ukikuta kiwanja unachopenda kimewekwa eneo la wazi, kiache, hata kama aliye jirani nacho amejenga ghorofa.

Kama unanunua, fanya upekuzi ofisi ya ardhi kujua hati ni ya nani na kama ina mkopo wa benki. Hati ya mjini hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Soma imebaki mingapi na matumizi gani yameandikwa. Leseni ya makazi ni kitu kingine, muda wake ni mfupi sana kuliko wa hati. Barua ya serikali ya mtaa inashuhudia mauziano tu, haithibitishi umiliki. Hakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia na amesaini mbele ya wakili, na zungumza na majirani wote wanne juu ya mipaka.

Ukivuka kwenda Pwani, uliza mapema: hapa ni mtaa au kijiji? Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji haiwezi kukugawia bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mwenyekiti na katibu wake wakikuuzia ekari tano wakiwa wamekaa wenyewe, umenunua kesi.

Hatua ya 5: Okoeni barabara wakati bado ni bure

Linganisha Sinza na Manzese. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, barabara zikaachwa kabla nyumba hazijajaa. Manzese ilikuwa imeshajengwa, ikapata maboresho kwenye mradi huohuo, lakini njia nyingi zilikuwa zimekwisha kubanwa. Leo Sinza mtaa wa nyumba umegeuka mtaa wa biashara karibu kila kona, kwa sababu gari linafika mlangoni, mteja anaegesha, mzigo unashushwa. Ndani ya Manzese, mwenye duka zuri bado anabebewa kreti za soda kichwani. Wafanyabiashara wa sehemu hizi mbili hawatofautiani kwa akili wala kwa bidii. Walitofautishwa na mita chache zilizoachwa wazi nusu karne iliyopita.

Mtaa ulio ngazi ya kwanza au ya pili bado una nafasi ya kuwa Sinza. Fanyeni hivi:

Itisheni mkutano kupitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakati kuta za uzio bado ni chache. Ombeni ofisa mipangomiji wa halmashauri ahudhurie. Chagueni kamati yenye wenye viwanja, wafanyabiashara na angalau mtu mmoja wa bodaboda, maana yeye ndiye anayezijua njia.

Kubalianeni upana wa njia kwa kuangalia magari yatakayohitajika: zimamoto, gari la majitaka, gari la taka, gari la wagonjwa. Yote hayo yapishane na gari jingine. Kila mwenye kiwanja atoe kipande upande wake, na makubaliano yaandikwe, yasainiwe, na nakala ipelekwe halmashauri. Pandeni hata mti au nguzo fupi kuonyesha mwisho wa kiwanja, kwa sababu makubaliano yasiyoonekana ardhini husahaulika kiwanja kinapouzwa.

Tengeni eneo la soko na kituo. Mtaa usio na soko huliweka barabarani, kisha mgambo huja, na machinga hupoteza mali. Nusu eka iliyoachwa leo itawalinda mamia ya wauza mboga baadaye.

Mkiingia kwenye urasimishaji (kupima na kupatia hati makazi yaliyojengwa bila mpango) na kampuni ya upimaji, fedha za wananchi zikae kwenye akaunti ya benki yenye wasaini zaidi ya mmoja, na kampuni ilipwe kwa hatua: mchoro ukiidhinishwa, bikoni zikisimikwa, ramani ya upimaji ikiidhinishwa. Msilipe yote mwanzoni kwa sababu ya ahadi. Mitaa kadhaa imebaki na risiti bila hati, na wazee waliochanga pensheni zao bado wanauliza.

Hatua ya 6: Panga fremu kwa akili

Wenye fremu wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka. Kwa mtaji mdogo hilo ni jiwe kubwa: fremu ya 150,000 kwa miezi sita ni 900,000 iliyotoka kabla hujanunua bidhaa. Pembezoni una nguvu ya kujadiliana kuliko unavyodhani, kwa sababu fremu nyingi zinajengwa kabla ya wateja kufika na hukaa zimefungwa. Omba miezi mitatu. Au omba mwenye fremu akate gharama ya sakafu, mlango na umeme utakaoweka. Kikubwa zaidi, omba mkataba wa miaka mitatu au minne wenye kiwango cha ongezeko kilichoandikwa, kwa sababu wewe unayeingia ngazi ya tatu ndiye utakayeijenga thamani ya mahali pale, na hupaswi kufukuzwa na thamani hiyo.

Mkumbushe mwenye fremu pia kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo mpangaji wa biashara huikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Mkubaliane kabla kwamba inatoka ndani ya pango lake, la sivyo utajikuta unalipa mara mbili.

Hatua ya 7: Karatasi

Hapa sitakaa sana. TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA. Jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA, kwa mtandao. Leseni ya biashara ya kawaida hutoka halmashauri. Duka la dawa liko chini ya Baraza la Famasi, na bidhaa za chakula unazofungasha mwenyewe zinahusu Shirika la Viwango (TBS). Ukijenga, hata fremu mbili, chukua kibali cha ujenzi. Mkiwa kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, ulizeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu.

Hatua ya 8: Jiandae kwa siku ya lami

Lami ikikaribia, utawaona wapimaji na fimbo zao, kisha alama nyekundu kwenye kuta. Usisubiri siku hiyo ndipo uanze kujiuliza.

Kwanza, amua mapema kama biashara yako ni ya kubaki au ya kuhama na ngazi yake. Mwenye matofali na mwenye mirunda wahame kila mtaa unapojaa, wafuate misingi inayofuata. Hiyo ndiyo biashara yao, na wanaoifanya vizuri huwa wameshatafuta uwanja mpya kilomita chache mbele kabla wa zamani haujachoka. Hadiwea inaweza kubaki ikigeuka kuwa duka la kumalizia nyumba: rangi, vigae, taa, mabomba. Duka la mahitaji libaki, lakini liongeze jumla, liwauzie wenye magenge ya ndani.

Pili, nunua sehemu yako wakati bei bado ni ya ngazi ya tatu. Hata kiwanja kidogo cha mstari wa pili, nyuma ya hifadhi ya barabara, kitakuokoa siku pango litakapopanda mara tatu. Ningechagua mstari wa pili wenye mchoro kuliko wa kwanza wenye mashaka.

Tatu, weka daftari la mauzo na matumizi kila siku, na kila mwezi ulihitimishe. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinaitambua hasara ya faida ya biashara inayoondolewa kwenye ardhi iliyotwaliwa kihalali: faida halisi ya mwezi huzidishwa kwa miezi 36, na mthamini anaweza kukutaka uonyeshe hesabu zilizokaguliwa. Mpangaji mwenye leseni, TIN, mkataba wa pango na hesabu za miaka miwili ana cha kuweka mezani. Mthamini akifika, hakikisha biashara yako imeandikwa kwenye fomu kwa jina lako na si kwa jina la mwenye nyumba, soma kila mstari kabla ya kusaini, piga picha ya fomu hiyo kwa simu, na uchukue nakala siku hiyohiyo.